Bangi ya dawa Uganda: mbegu ndiyo ununue mwisho

Karibu kila wiki kuna mtu ananipigia simu kuniuliza habari za bangi ya dawa. Juzi alikuwa kijana wa Mpondwe. Ana ekari mbili alizoachiwa na marehemu baba yake, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama, mbegu nitaipata wapi?" Nikamjibu, mwanangu, mbegu ndiyo utanunua mwisho. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba ananidhania mchoyo. Kwa kuwa simu haikutosha, naandika hapa yote niliyoyapitia, ili yeye na wenzake wayasome polepole.

Mwaka 2019, habari zilipoenea kwamba serikali inafikiria kuruhusu bangi ilimwe kwa ajili ya dawa, tulikutana watu kumi na mmoja hapa Bwera, wilayani Kasese, tukaunda kikundi. Wengi wetu ni wakulima wa vanila na kahawa. Kila mmoja alitoa shilingi 600,000. Bei ya vanila ilikuwa imetupa moyo, na kazi ya ulinzi tuliizoea, maana mwizi wa vanila haogopi mvua wala mbwa. Anayelala shambani na tochi miezi mitatu hashtuki akiambiwa azungushe ua. Tukajiambia kwamba bangi nayo ni zao tu.

Hapo ndipo tulipokosea. Kahawa ni zao. Bangi, mbele ya sheria ya Uganda, ni dawa ya kulevya, na mwenye neno la kuruhusu ilimwe ni waziri wa afya. Afisa kilimo aliyekupa miche ya kahawa hana la kukusaidia. Utashughulika na wizara ya afya, na mamlaka ya dawa, yaani NDA, na polisi, kabla hujashika jembe.

Mwanzoni mwa 2020 yakatangazwa masharti: mwombaji awe na mtaji usiopungua dola milioni 5, pamoja na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4. Mweka hazina wetu aliisoma ile habari kwenye simu, akanyamaza, akairudia kuhesabu sufuri. Mfuko wetu ulikuwa na milioni 6 na laki sita. Masharti yale hayakuandikwa kwa ajili ya mtu wa ekari mbili, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mtu wa ekari mbili ndiye anayeijua ardhi. Lakini afadhali ulijue hilo leo ukiwa bado na pesa zako.

Sisi hatukukubali kulijua. Akaja dalali kutoka Kampala, mtu mwenye maneno laini, akatuambia ipo "leseni ndogo" ya vikundi. Tulimpa milioni 2 na nusu. Baada ya miezi miwili akaleta barua yenye muhuri, tukaifunga kwenye fremu. Ni mpwa wangu, aliyekuwa anasomea sheria, aliyeishusha ukutani akaisoma hadi mwisho. Akasema, "Mama mdogo, hii inasema maombi yenu yamepokelewa. Haisemi mmeruhusiwa." Simu ya dalali haikupatikana tena.

Kwa hiyo nakuomba sana: mtu akikuambia ana kibali cha kukukodisha, au kwamba unaweza kulima chini ya kibali cha kampuni fulani, nenda mwenyewe wizarani ukaulize. Usimtume mtu. Siku polisi watakapofika shambani watamkamata aliye shambani, na dalali hatakuwepo.

Sheria nayo haikutulia. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilitengua sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kwa sababu bunge liliipitisha bila akidi kutimia. Kesi ilikuwa imeletwa na chama cha wakulima na wafanyabiashara wa mairungi, yaani miraa, wa Wakiso. Hapa kijijini watu walisherehekea, wakasema njaga, yaani bangi, sasa ni halali, na jirani yangu mmoja akaanza kuandaa kitalu nyuma ya jiko. Nilimfuata usiku nikamsihi aache. Mwaka ule ule bunge likapitisha sheria nyingine, kali, na mairungi yenyewe yakaingizwa humo. Kabla ya kuchukua mkopo wa miaka mitatu kwa ajili ya biashara hii, pima kama unaweza kuulipa sheria ikigeuka katikati.

Kikundi chetu kilikufa mwaka 2021. Mimi sikutaka kubaki na hasara tupu, nikaomba kazi kwenye shamba moja lenye kibali, nikafanya miezi kumi na minne, zaidi katika nyumba ya kukaushia. Huko ndiko nilikoelewa kwa nini wanadai mtaji mkubwa namna ile.

Anza na mwanga. Sisi tunaishi juu ya ikweta. Pale Kikorongo watalii husimama kupiga picha kwenye alama yake. Mchana wetu ni kama saa 12 na usiku saa 12, Januari hadi Desemba. Sasa, aina nyingi za bangi zinazouzwa kwa ajili ya dawa zimezalishwa kwa nchi za mbali na ikweta, na huanza kuchanua usiku unaporefuka. Ukizipanda hapa bila taa, mche unadhani majira yamekwisha, unatoa maua ukiwa umefika magotini tu. Mavuno yake hayalipi hata kibarua. Ndiyo maana ukipita usiku unaona nyumba za kitalu zinawaka kama mji: miche inarefushiwa mchana kwa taa mpaka ikue, kisha taa zinazimwa ili ichanue. Hizo taa zinakula umeme kila usiku, na umeme ukikatika inawashwa jenereta.

Kisha kuna suala la dume na jike. Kinachouzwa ni ua la jike ambalo halijachavushwa. Likishapata chavua linatengeneza mbegu, na dawa ndani yake inapungua. Chavua ya bangi husafiri na upepo mbali sana. Unaweza kung'oa kila dume ndani ya ua wako, halafu kumbe ng'ambo ya bonde kuna mzee amejificha na miche yake sita kati ya mihogo. Yeye hajui amekufanya nini, na wewe huwezi kumwendea.

Jambo la udongo linaniuma zaidi kwa sababu ni letu sisi wa Kasese. Bangi hunyonya metali nzito kutoka ardhini na kuzihifadhi mwilini, na wanunuzi wa dawa hupima risasi, kadimi na aseniki. Sasa kumbuka mgodi wa shaba wa Kilembe, uliochimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Mabaki yake yalirundikwa karibu na mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yalikokota udongo kutoka huko juu hadi bondeni. Mwenzetu mmoja alikuwa ametoa kwa kikundi kipande chake kilicho kando ya mto huo, udongo mweusi, mzuri kwa macho, na sisi sote tulimshukuru. Lau tungepanda, huenda maabara ingelikataa gunia la kwanza. Kupima udongo ni gharama ndogo kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo watu wanayoiruka.

Usiku mmoja wa Novemba, mvua ilikuwa kubwa, nikiwa zamu na mwenzangu. Umeme ulikatika saa nne. Jenereta ilinguruma kwa saa mbili, ikazima. Dizeli ilikuwa imeisha na barabara imejaa maji. Mashine za kukausha hewa zilisimama hadi asubuhi. Kwa macho maua yalikuwa salama. Baada ya siku tatu tulipoyapasua tukakuta ukungu wa kijivu katikati. Chumba kizima kikaharibika, kazi ya miezi mingi. Na bangi iliyoharibika huitupi jalalani wala huwapi mbuzi. Inapimwa uzito, inaandikwa, inateketezwa mbele ya maafisa. Nilikaa nje nikalia, ingawa mali haikuwa yangu. Nilikuwa nawaza kwamba lile shamba lingeweza kuwa la kikundi chetu, na zile pesa zingekuwa za watoto wetu.

Soko nitalisema kwa ufupi. Hapa nyumbani huna wa kumuuzia. Unauza nje, na kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kila mzigo unahitaji kibali cha nchi unakotoka na kibali cha nchi unakokwenda. Mnunuzi wa Ulaya hatapokea mpaka aone utaratibu wako wa usafi na kumbukumbu umekaguliwa. Na hatuko peke yetu: Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikaruhusu 2018, Malawi na Rwanda zikafuata. Tafuta mnunuzi kwanza. Ukikosa barua ya mnunuzi, usiendelee.

Usiwasahau walio nyumbani. Nilipokuwa nafanya kazi kule, binti yangu alirudi kutoka shule akilia, wenzake wamemwita mtoto wa mama bangi. Shemeji yangu alikataa kula kwangu mwezi mzima. Ningewaeleza mapema, wao na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mchungaji wetu, wasingelisikia kwa majirani.

Leo sina mche hata mmoja wa bangi. Nina vanila yangu, na ninauza samadi na nguzo za ua kwa mashamba yanayohitaji. Malipo yanakuja kila mwisho wa mwezi, na usiku ninalala. Mwenye mtaji mdogo namshauri aanzie hapo, au aombe kazi kama mimi, ajifunze kwa hasara ya mwenye nguvu.

Kijana wa Mpondwe alinipigia tena jana jioni. Ameshatuma udongo wa ekari zake upimwe, na ekari moja anataka kuiwekea vanila msimu huu, nimpatie marando. Atakuja Jumamosi. Siku akipata barua ya mnunuzi wa kweli, nimemwambia nitapanda basi naye hadi Kampala, tuingie wizarani pamoja.