Usiniulize mimi kama mzimu alikuwepo

Juzi usiku msomaji mmoja kanitumia meseji, "Kaka, sasa huyo mzimu alikuwepo au hakuwepo?" Anaongelea hadithi yangu ya mama mjane wa Igombe anayeona karabai inawaka ziwani usiku wa mbalamwezi kali, na Mwanza nzima tunajua mbalamwezi ikikolea wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa hizo, wanapumzika. Asubuhi anakuta dagaa wabichi wamemwagwa mlangoni. Ila pia huyo mama hajapata usingizi tangu msiba wa mumewe, hilo nimelisema wazi.

Meseji hiyo nimefurahi nayo mno, maana kuna mhariri aliikataa hadithi hiyohiyo eti haina mwisho, na bado inaniuma.

Wewe unayetaka kuandika ya mizimu, msome Henry James, The Turn of the Screw, ya mwaka 1898. Binti anaajiriwa kufundisha watoto wawili, Miles na Flora, kwenye jumba la Bly huko Essex, Uingereza, anaanza kuona watu waliokwisha kufa. Siku moja wako kando ya ziwa na Flora, binti anamwonyesha msimamizi wa nyumba, Bi Grose, mmoja wa marehemu hao, mwanamke, kasimama ng'ambo, Bi Grose anakodoa macho wee, haoni kitu. Hapo unasema basi, binti kachanganyikiwa. Haya, sasa rudi nyuma, kwa yule mwanaume aliyemwona kabla, hakuna aliyewahi kumsimulia habari zake lakini anamweleza nywele nyekundu za kujisokota, hana kofia, na Bi Grose anamtaja jina palepale, Peter Quint, marehemu. Alijuaje?

Mhakiki Mmarekani Edmund Wilson mwaka 1934 akaandika kwamba mizimu ile imo kichwani mwa binti, watu wanabishana mpaka kesho. James mwenyewe, kwenye utangulizi alioiandikia hadithi hiyo 1908, alishasema ubaya wenyewe anamwachia msomaji aufikirie.

Kwa hiyo usieleze. Weka ushahidi wa pande zote mbili, wa kweli kabisa, halafu nyamaza. Mhariri akikubana nyamaza, usimlete daktari ukurasa wa mwisho kutufafanulia, unamnyang'anya msomaji kazi yake.

Na wewe msomaji fanya hiyo kazi jamani! Yote yale tunayapata kwa kalamu ya binti mwenyewe, shahidi mwingine hatuna. Isome sura ya ziwani ukimwamini, halafu irudie ukimshuku, umwangalie Flora anavyogeuka.