Antivairasi ya kompyuta ya nyumbani: maswali yenu

Fundi wa mtaa wa Luthuli ameniwekea Windows 11 na kunishauri ninunue antivairasi. Ni lazima? (Msomaji, Kasarani)

Si lazima. Windows 11 huja na Microsoft Defender ndani yake, bila malipo. Maabara ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huipima pamoja na zile za kuuzwa, na kwa kazi za nyumbani inatosha kabisa. Hela hiyo nunulia diski ya nje uhifadhie picha na vyeti vyako.

Mimi wasiwasi wangu ni huyo fundi. Windows yenyewe aliitoa wapi? Kraki nyingi, yaani programu za kufungua Windows isiyolipiwa, hutaka Defender izimwe kwanza, na wengine hawairudishi. Fungua Windows Security, tazama kama ulinzi umewashwa, kisha tafuta orodha ya vitu vilivyoruhusiwa kupita bila kukaguliwa. Ukikuta diski C nzima imo humo, mrudishie kompyuta aifanye upya, na safari hii akuwekee Windows halali.

Nikiweka antivairasi mbili si ulinzi unazidi? (Umoja)

Hapana. Zitatiliana shaka, kompyuta iwe nzito kama matatu ya jioni. Chagua moja.

Nilichapisha CV kwenye saiba, nikarudi na flashi yote imejaa njia za mkato. Faili zangu zimeenda? (Mwanafunzi, Ngara)

Zipo. Yamewahi kunipata, tena asubuhi ya mahojiano! Kirusi cha aina hii huzificha folda zako, kisha huweka badala yake vifaili vidogo vyenye majina yaleyale. Vitazame kwa makini: kila kimoja kina kamshale pembeni ya picha yake, na ukubwa wake ni KB moja au mbili tu. Ukibofya, folda yako inafunguka kama kawaida, kumbe kirusi nacho kimeshaingia kwenye kompyuta. Ndiyo maana mtu huzunguka nacho wiki nzima bila kushtuka.

Usibofye chochote kilicho ndani yake. Chomeka flashi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uiagize Defender iikague. Ikimaliza kusafisha, iambie Windows ionyeshe faili zilizofichwa. Kama folda bado hazionekani, ruhusu pia zile za mfumo zilizolindwa. Nakili zako kwenye kompyuta, ndipo uifomati flashi. Siku nyingine jitumie CV kwa baruapepe, uifungulie hukohuko saiba, na usisahau kutoka kwenye akaunti kabla ya kulipa.

Wenye antivairasi za bure wanapata faida wapi? (Rongai)

Nyingi hukusukuma ununue toleo la kulipia, na hilo si kosa. Lakini mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza kampuni ya antivairasi ya Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo wateja wake walikuwa wakitembelea. Soma unachokikubali kabla ya kubofya. Na ukiamua kulipia, tazama bei ya mwaka wa pili: ya kwanza mara nyingi ni chambo, na kadi yako hukatwa yenyewe.

Laptopu yangu ni ya Windows 10. Antivairasi nzuri itanitosha? (Kayole)

Hapa ndipo siwezi kukupa jibu tamu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Defender bado hupokea taarifa za virusi vipya, ila matundu ya Windows yenyewe hayazibwi tena, na askari wa geti hawezi kulinda ukuta uliobomoka nyuma. Mnamo Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi; wengi walioumia ni ambao hawakukiweka.

Jaribu kwanza kama mashine inakubali Windows 11. Ikikataa, kuna mpango wa Microsoft wa nyongeza, wa kuendelea kuziba matundu hayo kwa wanaojiunga, unaofika 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo mwombe kijana anayejua akuwekee Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nao ni bure. Kwa sasa, mambo ya benki na ya kodi (KRA) yafanyie kwenye simu.