Mtungi wa zimamoto upo. Je, utafanya kazi?

Ukiingia kwenye karakana nyingi za uani hapa Mwanza, mtungi wa zimamoto utauona. Umening'inia nyuma ya mlango, vumbi la mbao limeufunika mpaka wekundu umegeuka kahawia, na juu yake pametundikwa koti la fundi. Mwenyewe ukimuuliza atakujibu kwa kujiamini, "Upo, tena ule mkubwa." Sawa, upo. Sasa muulize mara ya mwisho aliushika lini.

Mimi ni seremala, kazi naifanyia nyumbani. Wateja wa siku hizi wanataka meza za mninga zenye miguu ya chuma, kwa hiyo nachomelea pia. Yaani maranda na cheche chini ya bati moja, na nyuma ya ukuta watoto wamelala. Halafu tunakaa mlimani, kwenye mawe. Anayeijua Igogo au Mabatini ananielewa: gari linaishia kwenye lami, kuanzia hapo ni ngazi na vichochoro, kabati la milango mitatu tunalishusha limelazwa ubavu huku watu wanne wanagombana. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji unawapata kwa namba 114, na uwapigie mapema, usisubiri uone kwanza. Ila dakika za mwanzo mlimani huku ni zako na huo mtungi wako.

Kuhusu aina za mitungi sitakaa sana. Karakana ya mbao na vyuma inataka poda ya ABC, angalau kilo 6, kwa sababu inazima mbao, inazima tina (kile kimiminika cha kulainishia rangi) na petroli, na haipitishi umeme. Kile kidogo cha kilo 1 cha kwenye gari kinaisha kabla hujahesabu mpaka kumi. Hata wa kilo 6 usidhani utakaa nao ukimwaga kama bomba la bustani, ni sekunde 15 hivi basi. Kwenye lebo utakuta namba kama 21A 113B. Ya A inahusu moto wa vitu vikavu kama mbao, ya B ni moto wa vimiminika, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo moto unaoweza kuzimwa unavyokuwa mkubwa. Kabla ya kulipa soma hizo, usivutwe na ukubwa wa chupa.

Karibu na mashine nimeweka pia mtungi wa kilo 2 wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ule wenye koni nyeusi. Poda ikiingia kwenye mota ya randa unaweza ukazima moto na ukapoteza mota, gesi haiachi kitu. Lakini usiitegemee kwenye maranda: inayapeperusha, moto unasambaa. Na ukiutumia, shika mpini, usishike koni, maana gesi ile inatoka na baridi ya kuunguza ngozi. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa ukishapuliza toka nje, inafukuza hewa unayovuta.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Poda inakata mwali, haipoozi. Moto wa tina ukishakatika, mara nyingi umekatika. Moto wa maranda hauko hivyo. Juu unaona kumetulia, unga mweupe umefunika kila kitu, watu wanapongezana, kumbe chini kwenye lundo kaa linaendelea kula taratibu. Baada ya nusu saa, au usiku mmeshalala, linaibuka upya na mtungi umeshaisha. Kwa hiyo mimi mtungi na ndoo za maji ni kitu kimoja. Ukishaua mwali, zima swichi kuu, hakikisha umeme umekatika kweli, kisha lifumue lile lundo kwa koleo na ulimwagie maji mpaka uweze kuingiza mkono. Na siku ya kuchomelea hatufungi karakana mara tu kazi inapoisha. Mtu anabaki, anafagia, anazunguka, anachungulia chini ya benchi na nyuma ya mbao zilizoegeshwa, saa nzima. Cheche ya grenda inaruka mbali kuliko unavyodhani, mita kumi si ajabu, na inapenda kujificha kwenye nyufa.

Tuje kwenye ukaguzi. Kila mwanzo wa mwezi, siku ya kulipa kodi ya fremu ya duka la mama watoto, nashusha mitungi yote mezani. Siku hiyo nimeichagua kwa sababu haisahauliki, mwenye fremu mwenyewe atakukumbusha.

Kwanza geji. Mshale uwe kwenye kijani. Ukiwa upande wa chini, presha imepungua, mtungi hautasukuma. Ukipita juu, nao si mzuri, mara nyingi umekaa juani. Watu wengi wakishaona kijani wanaurudisha ukutani, wamemaliza. Geji inakwambia presha tu. Haikwambii kama poda imeshikamana, haikwambii kama mpira wa kutolea poda umeziba, na yenyewe inaweza kukwama. Igonge taratibu kwa kidole uone kama mshale unatikisika.

Halafu pini na sili. Pini itoke na kurudi bila kulazimishwa, na sili, kile kiplastiki chembamba kinachoishikilia, kiwe kizima. Sili ikiwa imekatika maana yake kuna mtu aliuchezea, na mtungi wa poda uliobonyezwa hata mara moja tu hauaminiki tena. Chembe za poda zinabaki kwenye vali, haifungi sawasawa, presha inavuja polepole. Leo kijani, wiki ijayo sifuri. Ndiyo maana nawakataza vijana wangu "kuujaribu kidogo".

Mpira ndio sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Kuna nyigu wale wa kujenga kwa udongo, huku ziwani tunao kila kona, na tundu la mpira wa zimamoto kwao ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Niliwahi kuchungulia mpira wa mtungi wa jirani yangu nikaona giza mahali ambapo ningeona mwanga. Tuliufungua, nikaingiza spoku ya baiskeli, ukatoka udongo mkavu vipande vipande, na ndani ya udongo buibui wadogo waliokauka, chakula ambacho nyigu aliwawekea wanawe. Geji ya mtungi ule ilikuwa kijani safi. Kwa hiyo chomoa mpira, umulike kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja, uangalie upande wa pili. Usizibe tundu kwa kitambaa eti unazuia nyigu. Siku ya moto utasahau kukitoa.

Kitako nacho. Unyevu wa ziwa unakula chuma, na mtungi uliowekwa sakafuni kwenye saruji unaanza kuoza kwa chini, mahali ambapo huoni. Ugeuze. Kutu ya juu juu unaipangusa, lakini kutu iliyotoboa vishimo, au rangi iliyovimba kama malengelenge, mpelekee fundi na usiubishie. Ule ni mtungi wenye presha ndani.

Poda ikikaa muda mrefu bila kuguswa inajipanga na kushikana, hasa mtungi ukiwa karibu na mashine inayotetemesha ukuta. Kuna wanaosema poda za kisasa hazihitaji kugeuzwa. Mimi nageuza. Nauweka kichwa chini, naupigapiga kitako kwa kiganja, naurudisha, na nasikiliza mpaka nihisi poda inaporomoka ndani. Haigharimu kitu.

Mtungi ule wa gesi ya kaboni dayoksaidi hauna geji, kwa hiyo njia ni moja, kuupima uzito. Mimi naupeleka kwa mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale chini, ana mizani ya kuaminika. Siku ya kwanza alicheka, "Baba, leo unauza gesi?" Sasa hivi ananiwekea nafasi mwenyewe. Uzito wa jumla umeandikwa kwenye mtungi. Ukikuta gesi imepungua kwa asilimia 10, yaani gramu 200 kwa mtungi wa kilo 2, upeleke ukajazwe.

Na hapo kwenye kujaza ndipo pesa za watu zinapoliwa. Si wote, mafundi wazuri wapo na jiji linawajua. Lakini kuna sehemu niliyopeleka mtungi ukarudi unang'aa, umepakwa rangi mpya, stika mpya ya tarehe, na ndani haujaguswa. Nilijuaje? Kabla ya kuupeleka nilichora mstari mwembamba kwa maka peni, ukianzia kwenye vali ukashuka hadi kwenye shingo ya chupa. Vali ikifunguliwa na kufungwa tena, mstari huo ni nadra sana kukutana. Wangu ulikuwa umenyooka vilevile, na rangi mpya haikufika pale shingoni.

Tangu hapo nasubiri palepale. Fundi atasema, "Bosi nenda tu kapumzike, kesho asubuhi unaukuta tayari." Namjibu, "Hapana kaka, niko likizo leo." Nataka kuona presha inatolewa, vali inafunguliwa, poda ya zamani inamwagwa kwenye ndoo. Namuomba nimulike ndani nione kutu. Nataka kuona mpira mdogo wa kuzuia kuvuja unabadilishwa, poda mpya inapimwa kwenye mizani, na mwisho inasukumiwa naitrojeni kavu. Akianza kuvuta mpira wa kompresa ya kujazia matairi, chukua mtungi wako uondoke. Hewa ile ina maji, na huku kwetu ina maji zaidi. Poda itaganda kama sukari iliyoachwa wazi masika. Akimaliza, apake maji ya sabuni kwenye vali mbele yako. Mapovu yakitokea, inavuja. Fundi wa kweli hakasiriki ukimwangalia, na hata kama mtungi hujautumia, mara moja kwa mwaka ni vizuri akauangalia.

Mahali pa kutundika: mlangoni, upande wa kutokea. Wengi wanautundika juu ya mashine kwa sababu "ndiko moto utakakoanzia". Ndiyo hivyo, kwa hiyo utaufikia vipi? Ukiwa mlangoni, unakimbilia njia ya kutoka, unauchukua, unageuka, na ukiona moto umeshapanda juu ya kichwa chako au umeshika dari, mlango uko nyuma yako, unatoka. Mpini usizidi mita moja na nusu kutoka chini, mke wangu aufikie bila kupanda stuli. Jua lisiupige, na usipakane na bati, wangu umeandikwa mwisho nyuzi 60.

Upepo nao uuhesabu. Mchana upepo wa ziwa unatupanda mlimani, usiku unageuka na kushuka kuelekea majini. Kwa moto wa uani simama upepo ukiwa mgongoni, la sivyo poda yote inarudi usoni mwako. Anza umbali wa mita 2 au 3, lenga chini kwenye chanzo, fagia kushoto na kulia, sogea kadiri unavyopungua. Tina au petroli usiisogelee mwanzoni, msukumo wa poda unaweza kuirusha ikawaka kwingine. Na mtungi wa gesi ya jikoni ukiwaka mdomoni, cha kwanza ni kufunga vali kama unaweza kuifikia, maana ukizima mwali huku gesi inaendelea kutoka umejitengenezea hatari mpya.

Haya yote ayajue kila mtu wa nyumbani, si wewe peke yako. Mtungi ambao muda wake wa kujazwa umefika, kabla ya kuupeleka, tunautolea pale jiwe kubwa la nyuma ya nyumba: dogo anachomoa pini, mama anabonyeza, mtoto wa darasa la sita naye anashika. Wengi hawajui ule mlio wa ghafla na ule uzito mkononi, na mtu akishtuka anauachia. Mtoto huyo pia ndiye aliyepewa kazi ya kushuka mbio hadi kwenye lami kuwasubiri zimamoto na kuwaonyesha kichochoro.

Ukishautumia kwa moto wa kweli, poda iliyobaki ifagie na uifute siku hiyohiyo, kabla ya unyevu wa usiku. Kwenye chuma na nyaya ikilowa inakula. Mota ipulizwe na ifunguliwe na fundi umeme kabla ya kuwashwa. Mtungi uende kujazwa hata kama umetumia robo tu, na wakati haupo ukutani sisi hatuchomelei. Tunapiga msasa, tunapima, tunaunganisha kwa gundi. Mteja wa miguu ya chuma anaambiwa arudi keshokutwa.