Mkono wa Mwandishi Haufichiki

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo msomaji huwachukua wahusika wa hadithi ya mtu mwingine na kuwatungia mambo mapya. Nimechagua tano.

Shikamoo Mwalimu. Naandika visa vipya vya Fumo Liyongo, yule shujaa wa hadithi za pwani, kwa jina la kubuni. Juzi nilibadilisha jina, nikatoa kisa kingine. Shoga yangu alisoma aya moja tu akaniambia, "Hii ni yako." Amejuaje? (Likoni)

Marahaba mwanangu. Amekujua kwa vitu ambavyo wewe mwenyewe huvioni. Wengi hudhani mtindo ni mapambo: methali, misemo, maneno mazito. Hayo ni rahisi kuyavua. Kinachobaki ni mkono, kama tunavyosema mkono wa mpishi. Mahamri ya mtaani kwetu yote ni unga, tui, sukari, hiliki na hamira, lakini ukiyamega hata gizani utajua haya ni ya fulani na haya siyo.

Hadithi za mashabiki huuanika mkono huo kuliko nyingine zote. Liyongo si wako, gereza si lako, wala mkate si wako. Chako ni namna ya kusimulia tu. Hebu tazama. Kisa chenyewe chajulikana: Liyongo amefungwa, mama yake anamtumia mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, wenye tupa ya kukatia pingu ndani, akijua walinzi watakula mikate mizuri na kumwachia ule mbaya. Wanafunzi wangu wawili waliandika dakika hiyo hiyo. Wa kwanza:

"Mlinzi akala mkate mweupe. Akautazama wa wishwa. Akacheka. Akausukuma kwa mguu."

Wa pili:

"Mlinzi aliula mkate mweupe polepole huku akiwaza mkewe kapika nini leo, na ule wa wishwa, maskini, ambao hata kuku wangeususia, akamsogezea mfungwa kwa ncha ya mkuki kama mtu anayeona haya."

Wa kwanza anakikimbiza kisa kwa -ka-, sentensi zake hazifiki maneno matano, na hatuingizi kichwani mwa mtu. Wa pili ana "huku", ana "ambao", ana "maskini" ya kuuhurumia mkate. Zaidi ya hayo, anamjali mlinzi, mtu ambaye wasimulizi wa zamani humpita tu. Niliwahi kusoma kisa chake cha Abunuwasi, na huko pia alisimama akamwangalia bawabu wa mfalme. Kila hadithi yake ina mtu wa mlangoni. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama yake kubwa, kuliko neno lolote: anapopeleka macho.

Mpe shoga yako kalamu, apige mstari pale alipokutambua. Sidhani kama atapiga chini ya methali.

Je, jambo hili la kumtambua mwandishi kwa mtindo lina elimu yoyote, au ni kubahatisha? Nina wanafunzi ninaoshuku wanaandikiana insha. (Mwalimu, Changamwe)

Lina elimu, nayo huitwa stailometri, yaani kuupima mtindo wa mwandishi kwa hesabu. Mfano wake maarufu ni wa Marekani. Kati ya 1787 na 1788 zilitolewa makala 85 za kuitetea katiba mpya, zote kwa jina moja la kubuni, na baadaye makala 12 kati yake zikagombaniwa: ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha jibu lao. Hawakushughulika na hoja za siasa. Walihesabu maneno madogo yasiyoangaliwa na mtu. Hamilton alilipenda neno "upon", Madison alikuwa halitumii ila mara chache sana. Wakaamua zote 12 ni za Madison.

Kwa Kiswahili kazi ni ngumu kidogo, maana vitu vidogo vyetu vingi vimejificha ndani ya kitenzi. Mwingine huandika "mtu aliyekuja", mwingine "mtu ambaye alikuja". Mwingine "nilipofika", mwingine "wakati nilipofika", mwingine "baada ya kufika". Kuna wa "lakini", kuna wa "ila", kuna asiyeweza kuanza sentensi bila "basi". Ukihesabu maneno bila kuvifungua vitenzi, nusu ya ushahidi inakuponyoka.

Lakini nakusihi, mwalimu mwenzangu, usimhukumu mtoto kwa insha ya ukurasa mmoja. Maandishi mafupi hayatoshi kuhesabia chochote. Mkalishe, mwombe akuandikie aya nyingine mbele yako, kisha mzungumze.

Mambo haya ya kuandikia juu ya hadithi ya mwenzio ni ya kigeni, na ni wizi. (Mzee wa Mji wa Kale)

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Pwani yetu ina takhmisa: mshairi huzichukua beti za mwenzake zenye mistari miwili, akazitangulizia mitatu yake na kuvipatanisha vina, zikawa za mistari mitano. Beti zinazonasibishwa na Liyongo mwenyewe zilitiwa takhmisa, na kazi hiyo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi mkubwa kabisa wa huko kaskazini. Hakuna aliyemwita mwizi. Mwizi ni yule anayeificha asili.

Nikiandika Kimvita, si watanijua mara moja? (Kisauni)

Watajua umetoka Mombasa. "Mato" (macho) na "mtele" (mchele) ni mali ya mji mzima. Watakujua wewe kwa mahali unapoviweka: kama wahusika wako husema Kimvita wakiwa na hasira tu, hiyo ni yako.

Nikimsoma sana mwandishi mmoja wa visa vya Liyongo, naanza kuandika kama yeye. Nifanyeje? (Bamburi)

Mwache aingie, usimwogope. Sote tulianza kwa sauti ya mtu. Kisha ufunge alichoandika, ukae siku tatu, uandike tukio ambalo yeye hakuligusa. Mfano Saada, yule kijakazi aliyeubeba mkate kutoka kwa mama hadi gerezani. Tunaambiwa alifika. Mimi miaka yote nataka kujua alipita njia gani, nani alimsimamisha, na kama aliuhisi uzito wa ile tupa. Niandikie, nitasoma.