Kampuni ina hataza 60: je, ninunue hisa zake?

SWALI: Nataka kununua hisa za kampuni ndogo ya bayoteknolojia ya Marekani. Inajivunia hataza (patent) 60. Mimi si mwanasheria, nizichunguzeje?

JIBU: Hiyo 60 iweke kando kwanza. Uvumbuzi mmoja ukisajiliwa katika nchi kumi huhesabiwa hataza kumi, na nyingine huenda ni za dawa ambazo kampuni ilishaziacha. Wewe tafuta ile inayolinda dawa wanayoitegemea.

Anzia kwenye ripoti ya mwaka, fomu 10-K, ambayo iko bure kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani. Humo utaona hataza zinahusu nini, zinakwisha lini, na kama ni mali ya kampuni au inazitumia kwa leseni, mara nyingi ya chuo kikuu. Leseni si kasoro, ila soma mwenye mali anaweza kuivunja kwa sababu gani.

Kisha ifungue hataza yenyewe kwenye Google Patents au Espacenet, tovuti za kutafutia hataza. Namba ya Marekani ikiishia na A1, hayo ni maombi tu. B1 au B2 ndiyo iliyokubaliwa. Usizame kwenye maelezo marefu, nenda kwenye madai (claims), kwa kuwa sheria inalinda kilichodaiwa. Dai la molekuli yenyewe ndilo gumu kulikwepa. La dozi au la namna ya kutumia lina mianya zaidi. Dai pana mno nalo ni hatari: mwaka 2023 Amgen ilishindwa na Sanofi katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kuwa ilidai kundi zima la kingamwili bila kufundisha namna ya kuzitengeneza zote.

Muda ni miaka 20 tangu kuomba, na majaribio ya dawa huila mingi. Marekani inaweza kufidia hadi miaka 5. Tena dawa ya kibiolojia, yaani inayotokana na viumbe hai, kama kingamwili, ina kinga yake ya miaka 12 tangu iidhinishwe, nje kabisa ya hataza; wawekezaji wengi huisahau.

Wingi nao una siku yake, nakiri. Hataza kuu ya Humira, dawa ya baridi yabisi, ilikwisha Marekani mwaka 2016, lakini dawa shindani ziliingia sokoni 2023, kwa sababu ya hataza nyingine lukuki zilizoizunguka. Ila Humira tayari ilikuwa inauzwa.

Mwisho, hataza humzuia mwingine. Haikupi ruhusa ya kuuza. Hataza ya mwingine inaweza kuizuia kampuni yako, kwa hiyo tafuta kwa jina la protini inayolengwa na dawa uone nani mwingine ameidai. Maombi hufichwa miezi 18 kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo rudia msako huo kila baada ya miezi michache.