Vim "inayoendesha", "inayoendeshwa" au "inayokimbia"?

Swali: Naandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu Vim, programu ya kuhariri maandishi, kwa wanafunzi wangu wa kompyuta. Nimeandika: "Tuma amri kwa Vim inayoendesha ili kufungua faili kwa mbali." Mwenzangu anasema iwe "inayoendeshwa", na mwingine kaandika "inayokimbia". Yupi yuko sahihi?

Jibu: "Inayokimbia" iondoe, Vim haimkimbii mtu. "Inayoendesha" nayo inamwacha msomaji akiuliza: inaendesha nini? Kuendesha ni kitenzi elekezi, kinadai mtendwa, kama dereva aendeshavyo basi. Mwenzako wa kwanza kisarufi sina ugomvi naye, kwa kuwa Vim kweli huendeshwa na kompyuta. Lakini mwanafunzi hajali nani anaiendesha. Anachotaka kujua ni kama ile Vim aliyoifungua asubuhi bado ipo.

Wengi hapo wangekimbilia "Vim iliyofunguliwa". Sasa, kiambishi -me- hakipokei kirejeshi (kama -yo-) ndani ya kitenzi, hakuna "imeyofunguliwa". Matokeo yake "iliyofunguliwa" hubeba maana mbili: iliyofunguliwa na ingali wazi, na iliyofunguliwa jana ikafungwa. Kwenye mazungumzo muktadha hutatua. Kwenye maelezo ya amri, hapana. Ukiandika

`vim --servername KAZI --remote barua.txt`

na hakuna Vim iitwayo KAZI kwa wakati huo, utapata ujumbe wa kosa, kisha faili litafunguliwa papo hapo ulipo, kwenye Vim mpya. Kwa hiyo andika "Vim iliyo wazi", au "Vim ambayo imefunguliwa" kama urefu haukusumbui.

"Kwa mbali" ningeifuta pia. Kwetu "anafanana naye kwa mbali" maana yake ni kidogo tu, na anayesikia wimbo kwa mbali hausikii vizuri. Isitoshe, mara nyingi umbali wenyewe haupo: Vim iko dirisha hili, terminali, yaani pale unapoandika amri, dirisha la pili, kioo kilekile. Sema "kutoka terminali nyingine".

Kosa ambalo hukuliuliza ndilo linalonikera zaidi: "ili kufungua faili". Nani anafungua, anayetuma au Vim? Kitenzi kisichotaja mtenda kinaficha jambo lenyewe la somo. Dhamira tegemezi, yaani umbo kama "ifungue" au "ufunge", inalifichua: "iambie Vim ifungue faili." Faida yake utaiona ukifika kwenye `--remote-send`, ambayo hutuma vibonye kana kwamba umevibonyeza ndani ya Vim:

`vim --servername KAZI --remote-send '<Esc>:w<CR>'`

Eleza hivi: "Iambie Vim ihifadhi faili, kisha ufunge terminali." *Ihifadhi* ni ya Vim, *ufunge* ni yako, na hakuna mwanafunzi atakayechanganya. Ukiandika "kuhifadhi faili kisha kufunga", kuna atakayefunga Vim. Wanaotumia Emacs, programu nyingine ya kuhariri, na `emacsclient` inayoitumia amri, nao wanahitaji uangalifu huohuo.

"Faili hili" au "faili hii"? Zote husikika, chagua moja, usiibadilishe katikati ya ukurasa. Na ukiiita programu inayotuma amri "mteja", basi mteja *anatuma*. Ukiiita "programu-mteja", *inatuma*, maana upatanisho hufuata neno linalotangulia.

Sentensi yako basi iwe: "Kutoka terminali nyingine, iambie Vim iliyo wazi ifungue faili."