Rekodi anayo, mbona hakuchaguliwa?

SWALI: Papa, shikamoo. Binamu yangu anayeishi Houston hachoki kumsifu Case Keenum, kwotabeki wa zamani wa chuo kikuu cha huko. Kama kweli ana rekodi, mbona timu za kulipwa zilimwacha? (Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Binamu yako hatii chumvi. Katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, akaamua amrushie nani, kwa mkono. Keenum aliichezea University of Houston kuanzia 2007 hadi 2011, na pasi zake zikaleta yadi 19,217, zaidi ya kilomita 17! Ndiyo rekodi yenyewe. Oktoba 2011, dhidi ya chuo kikuu cha Rice, alitoa pasi 9 za kufunga katika mechi moja.

Mimi namheshimu zaidi kwa goti lake. Mwaka 2010 lilichanika kano wakicheza na chuo kikuu cha UCLA, msimu wake ukaishia hapo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikamwongezea mwaka wa kucheza, akarudi, na Houston ikashinda mechi 13, ikapoteza 1 tu.

Mwaka 2012, katika uchaguzi ambapo timu za kulipwa huchukua wachezaji wanaotoka vyuoni, zote zikampita. Walimwona mfupi kwa nafasi hiyo, tena wakidai ni mfumo wa Houston, wa kurusha mpira kila mara, uliompa zile namba. Hapo naona walimwonea. Januari 2018, akiwa tayari na timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings, sekunde 10 zimebaki na wako nyuma, alimrushia mwenzake Stefon Diggs, naye akaudaka na kukimbia hadi mwisho wa uwanja, akafunga: yadi 61, wapinzani wao New Orleans Saints nje ya mashindano.